Giaboksi ya Klachi Mbili: Usiuze Shamba Kabla ya Kupima Betri

Ndugu msomaji, siku hizi gari limeingia katika hesabu ya mali ya nyumba, kama vile ng'ombe na mabati ya paa. Likiugua, laweza kuila karo ya watoto kwa siku moja. Kwa hiyo juma hili naomba tuliache jiko kidogo, tufungue boneti.

Jirani yangu hapa Nyakarenzo ni sajenti mstaafu. Sehemu ya malipo yake ya kustaafu aliinunulia gari dogo lililotumika, lililotoka Ulaya, ili ampeleke mkewe hospitalini kila mwezi bila kubanana katika teksi. Jioni moja, wakirudi kutoka kliniki, gari lilianza kutetemeka mlimani. Taa ya gia ikamweka, na gia ya nyuma ikakataa kabisa. Mama yule mgonjwa alikaa kando ya barabara, kajifunika kitenge, hadi giza likaingia.

Kesho yake gereji moja ilimwambia mzee kwamba giaboksi yote imekufa. Bei aliyotajiwa ilikaribia nusu ya thamani ya gari lenyewe. Alikuja kwangu akiwa amekwisha kumpata mnunuzi wa shamba lake la migomba.

"Mwalimu," aliniambia, "mimi sijui mambo ya kompyuta. Nikisaini kesho, kesho kutwa gari litapona."

Nilimwomba anipe siku tatu. Nilikuwa na sababu yangu ya kuomba hivyo, nami nitaieleza mbele.

KITU HIKI NI NINI?

Gari la gia za mkono lina klachi moja. Dereva akikanyaga, injini huachana na magurudumu, gia hubadilishwa, kisha huungana tena. Giaboksi ya klachi mbili ina klachi mbili na shafti mbili. Klachi ya kwanza hushughulika na gia witiri, yaani 1, 3, 5 na 7. Ya pili hushughulika na gia shufwa, yaani 2, 4 na 6. Gia ya nyuma hukaa upande mmojawapo, kwa kadiri ya muundo wa kiwanda.

Gari likiwa katika gia ya 3, gia ya 4 huwa imekwisha kuwekwa tayari upande wa pili, ikingoja. Wakati ukifika, klachi moja huachia na nyingine hushika papo hapo. Ni kama wapokezanao kijiti katika mbio: wa pili ameanza kukimbia kabla wa kwanza hajasimama. Kazi hii yote hufanywa na kompyuta pamoja na oili yenye shinikizo. Mguu wa dereva haumo.

Wazo hili si geni. Mhandisi Mfaransa Adolphe Kégresse alilibuni mwaka 1939, lakini zana za zama zile hazikutosha kulitimiza. Katika miaka ya 1980 lilionekana katika magari ya mashindano ya Porsche na Audi. Mwaka 2003 Volkswagen ilianza kuliuza katika magari ya watu wa kawaida. Leo limo pia katika baadhi ya magari ya Hyundai, Kia, Ford na Honda. Basi usidhani kwamba jambo hili ni la matajiri wa Kigali peke yao. Magari haya yakiisha kuzeeka hutufikia sisi.

Yafaa ifahamike pia kwamba ziko aina mbili. Katika aina ya kwanza visahani vya klachi huogelea ndani ya oili, nayo oili huvipoza. Katika aina ya pili visahani ni vikavu, hupozwa na hewa tu, mfano wa klachi ya gari la mkono. Aina kavu ni nyepesi na haina matumizi makubwa ya mafuta, lakini huchoka upesi mahali penye milima na foleni. Nasi, ndugu zangu, tunaishi milimani.

ADUI WA KWANZA NI MGUU WETU

Gari la otomatiki ya zamani lina kifaa cha oili kati ya injini na giaboksi, na kifaa hicho huvumilia dereva mzembe. Giaboksi ya klachi mbili haina kifaa hicho. Gari linapotambaa polepole, klachi huteleza na kusuguana. Msuguano huleta joto, na joto hula kisahani.

Hapo ndipo ilipo sababu yangu. Sajenti alipopata gari, mimi ndiye niliyemfundisha kuliendesha. Nilijifunza udereva katika gari la mkono, nikaona ni ustadi mkubwa kulisimamisha gari mlimani kwa kulikanyagia mafuta kidogo, lisirudi nyuma wala lisiende mbele. Nikamfundisha vivyo hivyo, tena kwa majivuno. Kila mara alipongoja nyuma ya lori la saruji linalopanda kutoka Bugarama, aliichoma klachi yake kwa amri yangu.

Basi sahihisha pamoja nami:

1. Ukisimama mlimani, shika breki. Kwa kawaida klachi huachia ukikanyaga breki, nayo hupumzika. Foleni ikikawia, weka N au P na uvute breki ya mkono.

2. Katika foleni usitambae nyuma ya gari la mbele hatua kwa hatua. Ngoja nafasi ipatikane, kisha ondoka kwa uthabiti.

3. Usibadili kutoka R kwenda D gari likiwa bado linasogea. Lisimame kabisa, weka gia, hesabu moja, ndipo uondoke.

4. Ukiegesha kwenye mteremko, kanyaga breki, weka N, vuta breki ya mkono, achia breki ya mguu ili gari likae juu ya breki ya mkono, kisha weka P. Ukifanya kinyume, uzito wote wa gari utabebwa na jino moja dogo ndani ya giaboksi.

5. Ukiteremka kutoka msitu wa Nyungwe kuja Kamembe, usiweke N kwa tamaa ya kubana mafuta. Tumia gia ndogo kwa mkono ili injini isaidie kulizuia gari. Breki zikipata moto hutaokolewa na giaboksi ya aina yoyote.

OILI NA UMEME

Giaboksi yenye klachi za kuoga ina oili yake maalumu. Katika zile za Volkswagen zenye gia 6, kiwanda kimeagiza oili na chujio vibadilishwe kila kilomita 60,000. Oili ya injini haifai humo, wala oili yoyote ya otomatiki inayookotwa dukani. Soma kitabu cha gari, ununue ile iliyotajwa. Kiasi chake hakipimwi kwa kijiti: injini huwa inanguruma, gari limelala sawasawa, na oili ina joto la nyuzi 35 hadi 45. Fundi akiipima ikiwa baridi au ikiwa inachemka, ataikosea hata kama ana nia njema.

Giaboksi kavu nayo ina oili ya meno na oili ya ile sehemu ya kompyuta na vali. Mnamo Novemba 2013 Volkswagen ilitangaza kuyaita magari takriban milioni 1.6 duniani yenye giaboksi ya gia 7 ili yabadilishwe oili, kwa kuwa ile ya awali iliweza kuleta hitilafu ya umeme katika nchi za joto na unyevu. Anayenunua gari la aina hiyo la miaka ile na aulize kama kazi hiyo ilifanyika, hasa akiwa anaishi bondeni Bugarama.

Mwisho wa yote kuna betri. Giaboksi hii hufikiri kwa umeme. Betri nzima, gari likiwa limepumzika, huonyesha volti 12.6 hivi. Ikishuka chini ya 12 kompyuta huanza kuweweseka, na huweza kuandika makosa ambayo hayamo.

DALILI NA TAFSIRI ZAKE

Kutetemeka wakati wa kuondoka, katika gia ya 1 na ya 2: katika aina kavu, kisahani kimechakaa au kimeungua, katika aina ya kuoga, aghalabu oili imechakaa.

Gia witiri peke yake, au shufwa peke yake, ndizo zinazobaki: upande mmoja umefungwa na kompyuta ili kulinda mwingine. Huo si ushahidi kwamba giaboksi yote imekufa. Endesha taratibu hadi mahali salama.

Gari haliendi mbele wala nyuma: huenda shinikizo la oili limepotea, au sehemu ya kompyuta na vali imeharibika. Usilazimishe.

Onyo la joto: simama mahali salama, weka P, acha ipoe. Ukiendelea, utalipa klachi mpya.

Mlio wa kugongana injini ikiwa inanguruma bila kazi: huenda gurudumu zito lililo kati ya injini na klachi limelegea. Mlio wa kuvuma unaokua pamoja na mwendo huenda ukatoka kwenye beringi.

Gari likikwama kabisa, libebwe juu ya lori kama inawezekana. Kwa magari mengi ya Volkswagen ya aina hii, kitabu huruhusu kuvutwa katika N kwa mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa na umbali usiozidi kilomita 50. Kutoka Nyungwe hadi nyumbani kwa kamba si safari ya kujaribu.

UTARATIBU WA UCHUNGUZI

Askari hafyatui risasi kabla ya kumtambua adui. Nawe usimruhusu fundi afungue giaboksi kabla ya kufuata ngazi hizi: kwanza betri na nyaya zake, pili kusoma makosa kwa mashine, na kuyaandika kwenye karatasi kabla ya kuyafuta, tatu oili, rangi yake na harufu yake, nne kuifundisha upya kompyuta mahali klachi zinaposhika, kazi inayofanywa kwa mashine ile ile, tano klachi, sita sehemu ya kompyuta na vali. Kubadili giaboksi nzima ni ngazi ya saba. Fundi anayeanza na ya saba mwombe karatasi ya makosa. Akikosa ya kuonyesha, mshukuru na uondoke.

HABARI YA SAJENTI

Tulimpata fundi mwingine mwenye mashine. Betri ilionyesha volti 11.7. Miongoni mwa makosa yaliyosomwa, la kwanza lilikuwa umeme hafifu. Oili ilitoka nyeusi, ikinuka kuungua, na katika karatasi za gari hapakuwa na alama yoyote kwamba iliwahi kubadilishwa. Ikawekwa betri mpya, oili mpya na chujio, kisha kompyuta ikafundishwa upya. Gia zote zikarudi, na ile ya nyuma pia.

Lakini fundi yule alikuwa mkweli, hakutuachia furaha tupu. Alisema klachi zimekwisha kujeruhiwa. Zitafanya kazi kwa muda, kisha zitadai haki yao. Sajenti alinitazama. Nikakiri mbele ya fundi ni nani aliyemfundisha kulisimamisha gari mlimani kwa mafuta. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Afande akitoa amri mbaya, kikosi kizima huumia, Mwalimu."

Sikuwa na jibu. Sasa kila mwisho wa mwezi nami hutia kiasi changu katika akiba ya klachi zake. Shamba la migomba halikuuzwa, na mama huenda kliniki kwa tarehe yake.

Kwako wewe unayetaka kununua gari la namna hii: lijaribu likiwa baridi, si baada ya muuzaji kulipasha moto. Lipandishe mlima, kisha lirudishe nyuma kwenye mlima huo huo. Lisimamishe na kuliondoa mara kumi. Likitetemeka hata mara moja, shusha bei au shuka wewe. Dai karatasi za oili kama unavyodai hati ya kiwanja.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa gari hili huanza katika nyayo za dereva. Hadi juma lijalo, ndugu msomaji, shika breki.