Akiba Anayowekewa Mtoto wa Mbuni



Hapa mwambao kahawa ni kinywaji cha heshima. Hunywewa barazani, huandaliwa wageni pamoja na tende au halua, na aghalabu huchemshwa na tangawizi na iliki ndani ya dele. Majina yenyewe, kahawa na buni, yatokana na Kiarabu, na sifa ya kinywaji hiki ilianzia Yemen, ambako masufii wa karne ya 15 walikinywa ili wakeshe katika ibada. Lakini je, kile tunachokikaanga na kukitwanga ni kitu gani hasa? Ni mbegu, na takriban yote ni chakula ambacho mti mama umemwekea mtoto wake. Utamu na harufu tunayoisifu kikombeni yatoka katika akiba hiyo. Tuitazame namna inavyowekwa, kwani ndani yake mna faida ya jikoni na mazingatio ya nyumbani.

Wakati wa kiangazi vitumba vya maua ya mbuni hulala. Mvua inyeshapo huamka, na baada ya siku kama kumi mti mzima huvaa maua meupe yenye harufu inayokaribia ya asumini. Maua hayo hudumu siku chache tu. Kisha, kwa muda wa wiki 6 hadi 8, yaonekana kana kwamba hakuna kinachotendeka: kitunda hubaki kidogo kama kichwa cha pini.

Baada ya hapo kitunda huanza kufura kwa haraka. Ndani yake mna vyumba viwili, na kila chumba hujazwa nyama laini yenye majimaji, ambayo ni sehemu ya mwili wa mti mama. Wataalamu huiita perispemu. Huu ndio wakati ambao ukubwa wa punje huamuliwa. Mvua ikikosekana katika wiki hizi, vyumba hubaki vidogo, na mvua ya baadaye haivipanui tena. Kwa hiyo ile alama ya AA tuionayo kwenye mifuko ya kahawa ya Kenya, ambayo hupimwa kwa chekecheo, ni habari ya ukubwa wa punje. Haitwambii kama punje hiyo ilipata muda wa kujazwa utamu.

Ndani ya nyama hiyo ya mama huchipuka nyama nyingine, ambayo ni ya mbegu yenyewe, nayo huitwa endospemu. Hukua kidogo kidogo huku ikiila ile ya kwanza na kukalia nafasi yake, mpaka ya mama ikasalia utando mwembamba wenye rangi ya fedha. Utando huo kila mwenye kukaanga kahawa ameuona: ndiyo yale makapi mepesi yanayopepea kutoka kaangoni. Hayo ni mabaki ya kile ambacho mama alitoa ili mtoto apate mahali pa kukua.

Mwenye kuijua minazi atalifahamu upesi linalofuata. Kama vile dafu linavyokuwa koroma na koroma likawa nazi, ndivyo nyama ya buni inavyoanza ikiwa laini na nyeupe kama maziwa, kisha ikakaza. Katika kahawa ya arabika kazi hii huanza karibu na mwezi wa nne baada ya maua na huchukua miezi miwili au mitatu. Majani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kuipeleka kwenye tunda, nayo mbegu huigeuza kuwa akiba za namna mbalimbali. Sehemu kubwa huwekwa katika kuta za seli, ambazo hunenepa mpaka zikawa karibu nusu ya uzito wa mbegu kavu. Ndiyo sababu punje mbichi ni ngumu mithili ya pembe. Mafuta huwa kadiri ya asilimia 15, na protini kadiri ya 10 hadi 13. Kafeini, ambayo husaidia kuikinga mbegu na wadudu, huwa kama asilimia 1.2 tu katika arabika, na huzidi 2 katika robusta.

Sukari nayo haina haraka. Huongezeka zaidi mwishoni, wakati tunda linapoelekea kuwa jekundu, hata ikafika asilimia 6 hadi 9 katika arabika iliyoiva. Yote haya yamewekwa kwa ajili ya kiinitete chenye urefu wa milimita 3 au 4 tu, kilichojificha pembeni mwa punje. Siku kitakapooteshwa, zile kuta ngumu zitayeyushwa ziwe sukari tena, nacho kitazila mpaka kipate majani yake.

Hapa ndipo penye faida kwa mpishi. Tunda likichumwa kijani, punje yaweza kuwa na ukubwa kamili ilhali sukari haijatimia. Ukiikaanga haiwi nyekundu-nyeusi kama wenzake. Hubaki imepauka, na ladha yake ni kavu, haina utamu. Basi ukimaliza kukaanga, itandaze kahawa kwenye sinia na uzitoe zile zilizopauka kabla ya kutwanga. Chache tu zatosha kuiharibu birika nzima.

Na tusimlaumu mchumaji kabla ya kumfahamu. Mvua zikija kwa vipande, maua nayo hufunguka kwa vipande, na tawi moja likabeba matunda mekundu, ya manjano na ya kijani kwa wakati mmoja. Yampasa mchumaji, ambaye mara nyingi ni mwanamke, arudi kwenye mti ule ule mara kadhaa achague lililoiva. Naye hulipwa kwa debe. Debe la matunda mekundu matupu huchukua saa nyingi kujaa kuliko la mchanganyiko. Anayetaka kahawa tamu hana budi kukubali kwamba subira hiyo ina bei yake, na kwamba bei hiyo yafaa imfikie aliyesubiri.

Liko jambo la mwisho. Mwembe ukizidiwa hupukutisha maembe machanga, ukabakisha yale unayoyaweza. Mbuni hupukutisha machache mno. Mwaka wa maua mengi hujitwika karibu yote, na matunda huvuta chakula kwa nguvu kupita majani mapya na mizizi. Usipopata msaada, majani huanguka, matawi hufa kuanzia nchani, na mwaka unaofuata mti huwa hauna cha kutoa. Mkulima mwenye busara hangoji mti uombe. Hupogoa matawi yaliyozidi, hutia samadi, hutandaza majani makavu shinani yahifadhi unyevu, na wengine hupanda miti ya kivuli.

Katika nyumba zetu wako akina mama wenye tabia ya mbuni. Hawapukutishi kitu. Mtoto atakula, mgeni atakunywa, mgonjwa atauguzwa, na yeye atasema hajambo. Watu wa nyumba huiona neema ikiendelea, wakadhani mti hauchoki. Basi baba, na nyinyi watoto mliokwisha kupata nguvu, msingoje majani yaanguke. Mpunguzieni mzigo ungali mapema: mmoja ateke maji, mwengine aoshe vyombo, naye apewe saa ya kupumzika bila ya kuiomba. Na jioni, kahawa ikiwa tayari, kikombe cha kwanza apewe yeye.

Tukijaaliwa, tuonane wiki ijayo.