Mashine ya Midundo na Haki ya Mwenye Sauti

Kwa vijana wa Arusha wanaotunga muziki wa hip-hop, studio si lazima tena iwe chumba kilichofungwa, chenye mitambo mizito. Ipo leo mashine inayoenea kiganjani, inayoendeshwa kwa betri mbili ndogo, ambayo hunasa sauti yoyote, huikata, huipandisha au kuishusha, na kuipanga upya hata ikawa mdundo. Chombo hicho huitwa sampla. Sehemu yake inayopanga sauti kwa zamu huitwa sikwensa. Chombo hiki chastahili kupokewa kwa furaha, lakini kwa sharti moja: kila sauti inayonaswa iandikiwe jina la mwenyewe.

Sababu ya sharti hilo imo katika utendaji wa mashine yenyewe. Sauti ni mtetemo wa hewa. Maikrofoni huugeuza mtetemo huo kuwa umeme unaopanda na kushuka; kisha sampla huupima umeme huo mara maelfu kila sekunde na kuandika kila kipimo kwa namba. Sikio la binadamu husikia mitetemo isiyozidi takriban 20,000 kwa sekunde, na kanuni ya hisabati hudai vipimo vizidi mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa. Ndiyo maana sahani za CD hutumia vipimo 44,100 kwa sekunde.

Sampla za awali hazikufikia kiasi hicho. SP-1200, iliyotolewa na kampuni ya E-mu ya Marekani mwaka 1987, ilipima mara 26,040 kwa sekunde, na kumbukumbu yake ilijaa baada ya sekunde 10. Mwaka uliofuata kampuni ya Akai ya Japani ilitoa MPC60, iliyobuniwa na Mmarekani Roger Linn, yenye vibao 16 vya kupigwa kwa vidole. Vyombo hivyo vilikaa mezani na kutegemea umeme wa ukutani. Kinyume chake, PO-33 ya kampuni ya Teenage Engineering ya Sweden, iliyotoka mwaka 2018, ina maikrofoni ndani yake, huhifadhi sekunde 40 za sauti, na yaweza kubebwa mfukoni hadi mahali pasipofika nguzo ya umeme.

Basi mashine imetoka studio na kwenda kwa mwimbaji. Hapo ndipo penye neema, na hapo hapo ndipo penye hatari. Sauti ikishaingia ndani huwa ni safu ya namba tu. Namba hizo hazisemi aliyeimba ni nani, aliimbia wapi, wala kwa shughuli gani. Kidole kikibonyeza mara mbili tatu, wimbo wa sherehe ya jando huwa kipande cha sekunde mbili kinachorudiwa bila kikomo.

Jambo hili lina uzito wa pekee Arusha. Uimbaji wa Kimaasai, ambao una undugu na ule wa Waarusha wa miteremko ya Mlima Meru, kwa desturi hautegemei ngoma: kiongozi huanzisha, kundi huitikia, na pumzi zinazovumishwa kooni ndizo zinazoshika mapigo. Kwa mtengenezaji wa midundo hiyo ni hazina iliyo tayari. Kundi la X Plastaz la Arusha lilionyesha njia ya haki ya kuitumia. Katika albamu yake iitwayo Maasai Hip Hop, iliyotolewa na kampuni ya Out Here ya Ujerumani mwaka 2004, uimbaji huo uliletwa na Merege, Mmaasai aliyekuwa mwanakikundi kamili. Sauti yake ilikwenda pamoja na jina lake.

Wapo watakaosema kwamba hip-hop ilizaliwa kwa kuazima, na kwamba vijana wa Bronx katika miaka ya 1970 hawakumwomba mtu ruhusa walipozungusha santuri za wenzao. Ni kweli. Lakini santuri ina lebo yenye jina la mwimbaji, naye aweza kwenda mahakamani. Mwaka 1991 mahakama ya New York iliamua kwamba kuchukua kipande cha wimbo bila idhini ni kuvunja sheria. Mama aliyeimba Ngaramtoni na kunaswa na mashine ya mfukoni hana lebo. Mnyonge wake ni mkubwa zaidi, si mdogo.

Tanzania inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo huwalinda waimbaji na pia kutenga sehemu kwa ajili ya sanaa za jadi. Hata hivyo, sheria haiwezi kumsaidia mtu asiyejulikana. Kibali cha ofisi nacho hakitoshi ikiwa aliyeimba hakuulizwa.

Dawa yake si ngeni kwa wanasayansi. Huko huko Ngaramtoni, chini ya Meru, imo Hebaria ya Taifa, panapotunzwa mimea iliyokaushwa. Jani lisiloandikwa mahali lilipochumwa, tarehe na jina la aliyelichuma halina thamani kubwa kwa mtafiti. Watengenezaji wa midundo wafuate desturi hiyo: kila sauti iwe na ukurasa wake daftarini, wenye jina la mwimbaji, kijiji, tarehe, shughuli iliyoimbiwa, na mapatano ya malipo. Wale wanaowafundisha vijana kutumia sampla nao walianze somo na daftari hilo, kabla ya kibonyezo cha kwanza. Kazi hiyo huchukua dakika tano, na hakuna mashine itakayoifanya kwa niaba ya binadamu.