Mashine ya misumari isiharibu soko la mbao ngumu

Mkulima anayepanda mitiki Muheza au katika Bonde la Kilombero husubiri miaka 20 na zaidi kabla ya kupata mti wa kupasua mbao nzuri. Mbao hiyo inapofika kwa seremala anayejenga baraza la nje la hoteli au nyumba ya wageni, thamani yake inaweza kupotea kwa siku moja, kwa sababu tu ya namna ilivyofungwa.

Mashine ya kupigia misumari inayotumia upepo wa kompresa imewarahisishia kazi mafundi wengi. Hakuna ubishi kwamba inafaa kwa mbao laini kama za misindano, kwa fremu, masanduku na mabanda ya kuku. Tatizo huanza pale fundi anapoitumia kufunga mbao ngumu za sakafu ya nje, kama mtiki, mninga au mkongo, kwa misumari ya kawaida.

Mbao ya nje haitulii. Wakati wa masika hunywa maji na kuvimba, na kiangazi hukauka na kusinyaa. Msumari laini hauna meno ya kushikilia, hivyo kila msimu unapobadilika hulegea kidogo, hadi kichwa kinachomoza na kuchoma miguu ya wageni. Upepo wa mashine ukiwa mdogo, msumari hauzami katika mbao ngumu. Ukiongezwa, msumari hupinda au ubao hupasuka, hasa karibu na ncha. Msumari unaweza pia kuruka na kumjeruhi fundi asiyevaa miwani ya kinga.

Zaidi ya hayo, maji yaliyomo katika mbao nyingi ngumu yakikutana na chuma cha kawaida huacha madoa meusi. Karibu na bahari, chumvi iliyomo hewani huharakisha kutu.

Wanaotetea mashine hii husema kwamba inaokoa muda. Hoja hiyo inastahili kupigiwa hesabu. Baraza la mita 4 kwa 5 lina mita 20 za mraba. Mbao zikiwa na upana wa sentimita 10 na boriti zikipishana kwa sentimita 40, zitahitajika skrubu takriban 1,000, mbili kwa kila mahali ubao unapokatiza boriti. Fundi akitumia dakika mbili kutoboa na kukaza kila skrubu, kazi itachukua saa 33, yaani siku nne hivi. Hata kama mashine ingeimaliza kwa siku moja, kinachookolewa ni ujira wa siku tatu na tofauti ya bei kati ya skrubu na misumari.

Akiba hiyo ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kubandua sakafu iliyolegea, kwani mbao nyingi hupasuka wakati wa kung'oa misumari na hulazimika kununuliwa upya. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Hasara haiishii kwa mwenye hoteli. Baraza likiharibika, yeye hailaumu misumari, huilaumu mbao. Safari ijayo ataweka vigae au zege, na mkulima wa mitiki atakuwa amepoteza mteja bila kujua kosa lilikuwa wapi. Muuza mbao naye atabaki na mzigo ghalani.

Njia bora inajulikana. Mbao ziwe zimekauka vizuri. Tundu la ubao wa juu litoshe skrubu kupita, na lile la boriti liwe jembamba kidogo ili meno yashike. Kwa ubao wa unene wa sentimita 2.5, skrubu ya sentimita 6 inatosha. Kati ya ubao na ubao iachwe nafasi ya milimita 4 hadi 6 ili maji yapite. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Karibu na bahari itafutwe daraja la 316, ambalo mara nyingi huandikwa A4. Bara, daraja la 304, yaani A2, linafaa.

Ni vyema wenye majengo wakaandika aina ya skrubu katika makubaliano na fundi, na wakabakiza sehemu ya malipo hadi mvua za kwanza zipite. Wauza mbao nao wangefanya biashara nzuri zaidi kwa kuuza mbao ngumu pamoja na skrubu zake, na kumweleza mteja sababu. Dakika chache za kumwelimisha mnunuzi ni kinga ya soko ambalo mkulima amelisubiri kwa miaka 20.