RunX au Fielder? Jibu langu kwa mama mwenye mtoto mdogo

 

Kuna swali limenijia mara nyingi kwenye meseji, na karibu kila mara linakuja hivi: "Nesi, mume wangu anataka RunX, mimi nataka Fielder. Mtoto ana miezi minane. Tuchukue ipi?"

RunX naielewa. Ni fupi, imekaa kimichezo, ukiivalisha ringi nzuri vijana wanageuza shingo. Fielder, maskini, watu wanaiita gari la mizigo. Mimi sio fundi wala dalali. Ni muuguzi, kwa hiyo gari naliangalia kwa upande wa yule anayekaa siti ya nyuma na hajui kusema mkanda unambana. Kwa upande huo, jibu langu kwa nyumba nyingi ni Fielder. Lakini lina sharti moja, nitalieleza hapo chini, na kama sharti hilo huliwezi basi bora RunX.

Tuanze na kinachofanana

Hizi zote ni Corolla za kizazi kimoja. Fielder ilitoka Japani mwaka 2000, RunX ikafuata 2001, na umbo hili likaendelea hadi 2006. (Nazungumzia umbo hili, sio Fielder mpya zilizokuja baadaye.) Umbali kati ya tairi la mbele na la nyuma ni sentimita 260 kwenye zote mbili. Maana yake nini? Usidhani kwa kuwa Fielder ni ndefu basi mtoto atapata nafasi zaidi ya miguu. Hapana. Zile sentimita kama 20 za ziada ziko nyuma ya siti, kwenye buti.

Na huo mwendo wa kimichezo ambao baba anausemea, sio wa RunX peke yake. Kuna toleo la Z Aerotourer lenye injini ya 2ZZ-GE, lita 1.8, nguvu za farasi 190. Lilitengenezwa kwenye RunX na kwenye Fielder pia! Kwa hiyo baba asikwambie Fielder haina mbio. Ila mjue mambo mawili. Kwanza, nguvu hizo 190 zinapatikana injini ikizunguka mara 7,600 kwa dakika. Kwenye foleni ya Mbagala hutazifikia, na ukiwa na mtoto nyuma huna sababu ya kuzitafuta. Pili, nembo ya Z inabandikwa tu. Angalia namba ya chasisi: Z inaanza na ZZE123, ile ya kawaida ya 1.5 inaanza na NZE121. Injini ya Z pia inataka petroli ya oktani ya juu. Nyingi mtakazoziona yadi ni za 1.5, na kwa familia zinatosha kabisa.

Kwa hiyo swali lenyewe ni mizigo

Mtoto wa kilo tisa anasafiri na mizigo ya mtu mzima. Kigari chake, beseni, begi la nguo, pampasi, chupa, blanketi. Hapo bado begi lako na la baba. Sasa ongeza safari ya Desemba ya kwenda Moshi, na kurudi na kiroba cha mchele, mkungu wa ndizi na ndoo ya parachichi aliyofunga bibi, ambayo huwezi kuikataa.

Buti ya RunX inajaa mapema. Ikijaa, familia nyingi hufanya moja kati ya haya matatu:

1. Mizigo inahamia siti ya nyuma, pembeni ya mtoto.
2. Mizigo inapangwa juu kuliko mgongo wa siti, nyuma ya kichwa cha mtoto.
3. Kiti cha mtoto kinatolewa "kwa safari hii tu," na mama anasema, "Nitampakata."

Ni hili la tatu linaloniuma zaidi. Hebu tufanye hesabu kidogo. Kilomita 50 kwa saa ndio mwendo unaoruhusiwa kwenye makazi ya watu, wengi tunauona mdogo. Gari likigonga kitu kwa mwendo huo, mtu asiyefungwa anaendelea mbele kwa mwendo ule ule, na pigo lake ni sawa na kudondoka kutoka juu mita 10 hivi, kama ghorofa ya tatu. Hakuna mikono ya mama inayoweza kumzuia mtoto hapo, hata umpende vipi. Sio upendo uliopungua, ni uzito uliozidi. Na kama wewe mwenyewe hujafunga mkanda, mwili wako ndio unaombana kwenye siti ya mbele.

Kiroba cha kilo 25 nacho hakijui kwamba pembeni kuna mtoto. Kinaruka vile vile.

Shirika la Afya Duniani linasema kiti cha mtoto kinapunguza vifo vya watoto wachanga kwenye ajali kwa hadi asilimia 71. Mama, hakuna ringi, spoila wala injini inayokupa kitu kama hicho. Ndio maana naipenda Fielder. Sio kwamba yenyewe inamlinda mtoto kuliko RunX. Inakuondolea sababu ya kukitoa kiti chake.

Sharti langu: buti sio siti

Sasa tusemane ukweli. Fielder ina ugonjwa wake hapa kwetu. Kwa sababu buti ni kubwa na inaonekana kama chumba, kwenye harusi, misiba na safari za sikukuu inageuzwa siti ya watoto. Utasikia, "Hao wadogo waingie huko nyuma, wanaenea." Wanaingia wanne, wanacheka, wanatupungia mikono kwenye kioo.

Huko nyuma hakuna mkanda. Hakuna cha kuegemeza kichwa. Likija lori au daladala likawagonga kwa nyuma, wao ndio wa kwanza kupokea, kabla ya chuma kumaliza kujikunja. Dereva akifunga breki ghafla, wanarushwa juu ya siti.

Najua ilivyo ngumu kumkatalia wifi au mama mkwe mbele ya watu. Semeni mapema, kabla ya siku ya safari, na aseme mwenye ndugu zake: "Gari letu lina mikanda mitano, kwa hiyo tunabeba watu watano. Waliobaki tutawachangia nauli ya basi." Nauli ni hela ndogo. Kama mnaijua familia yenu na mnajua hamtaweza kusema hivyo, nunueni RunX. Buti yake ndogo itasema kwa niaba yenu.

Pia kumbukeni, kwenye gari zote mbili hakuna ukuta kati ya buti na abiria. Kizito kiwe chini kabisa, kimegusana na mgongo wa siti. Kisivuke urefu wa siti. Ndoo, jiko na mtungi wa gesi vifungwe kamba. Na mama wa biashara unayelaza siti Jumatatu kuchukua mzigo Kariakoo, hakikisha kiti cha mtoto kinarudi mahali pake na kinakazwa upya kabla mtoto hajapanda.

RunX inafaa nyumba gani?

Inafaa, tena vizuri. Mna mtoto mmoja, mnaishi na kufanya kazi mjini, maegesho yenu ni ya kubanana, na safari ya mkoani mnapanda basi. Kiti cha mtoto kinakaa nyuma kimefungwa muda wote, hakuna anayekigusa. Hapo sioni sababu ya baba kunyimwa furaha yake.

Mkitarajia mtoto wa pili karibuni, rudini kwenye Fielder.

Kabla hamjalipa, fanyeni haya yadi

Nendeni na kiti cha mtoto. Muuzaji atashangaa, mwache ashangae.

• Kifungeni siti ya nyuma kikitazama nyuma. Halafu baba akae mbele yake, miguu yake yote. Kama magoti yanagusa dashibodi, mmeshajua nani atakaa wapi. Majibu yatafanana kwenye RunX na Fielder, kwa sababu nafasi hiyo ni ile ile.

• Mtoto atazame nyuma kwa muda mrefu kadiri kiti kinavyoruhusu. Kanuni ya Ulaya ya viti hivi, R129, inataka angalau mpaka apite miezi 15. Kichwa chake ni kizito na shingo bado laini.

• Vuteni kila mkanda wa nyuma kwa nguvu na ghafla, lazima ushike. Angalieni kama umechanika, umekakamaa au umefifia. Gari hizi zinakaribia miaka 20 na nyingine zimepita, na mikanda nayo inazeeka.

• Siti ya katikati, angalieni kama mkanda unapita begani au kiunoni tu.

• Washeni ufunguo, taa ya mfuko wa hewa iwake kisha izime. Ikibaki inawaka, au isipowaka kabisa, fundi aeleze kwanini. Muulizeni pia kuhusu mifuko ya Takata, kwa sababu Corolla nyingi za miaka hiyo ziliitwa kurudishwa kwa ajili ya mfuko wa abiria wa mbele. Na kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.

• Kama gari limeshushwa chini kwa kukata springi ili lipendeze, liacheni. Mkijaza watu na mizigo linagonga chini, na breki na usukani havitabiriki.

Mkiweka bajeti, bei ya kiti cha mtoto iingie humo humo kwenye bei ya gari, kabla ya ringi na kabla ya redio. Kama hela haitoshi vyote, chukueni gari la bei ya chini kidogo na kiti kizuri.

Baba Junior, najua umesoma mpaka hapa. Chukua Fielder, ikiwezekana ile ya Z, na mkeo hatakuwa na neno. Ila siku ya safari wewe ndiye wa kuhesabu mikanda, na watu wasizidi mikanda hiyo.

Sehemu ijayo nitaeleza hatua kwa hatua namna ya kukaza kiti cha mtoto kwa mkanda wa kawaida wa gari. Mbarikiwe, na mumfunge mtoto mkanda hata mkienda dukani tu.