Mtalii wa barafu alale kwa mkulima

Watalii wengi wanaofika Iceland hawalali hotelini. Hukodi gari lenye kitanda na jiko ndani karibu na uwanja wa ndege wa Keflavik, kisha wakaizunguka nchi kwa barabara kuu namba 1, yenye urefu wa kilometa zipatazo 1,300. Kusini mwa nchi husimama Sólheimajökull, mto wa barafu unaoshuka kutoka mlimani, wakatembea juu yake saa kadhaa wakiwa na kiongozi.

Kiongozi huyo si pambo. Ndiye anayehakikisha vyuma vya meno vimefungwa sawasawa chini ya viatu, na ndiye anayechagua njia, kwa kuwa barafu ina nyufa na njia ya jana huenda leo haipitiki. Hata akiwepo, ajali hutokea. Agosti 2024 mtalii mmoja alifariki barafu ilipoporomoka huko Breiðamerkurjökull, akiwa kwenye ziara yenye viongozi. Anayelipa ada ya kiongozi hapunjwi.

Lakini mfugaji wa kondoo anayeishi kando ya barabara hiyo anapata nini? Gari limeshalipiwa, kiongozi kalipiwa kwa intaneti kabla ya safari, na jiko limo garini. Mgeni anaweza kupita vijiji kumi bila kuacha hata senti. Kinachobaki ni usiku.

Hapo Iceland ilifanya jambo la maana. Sheria ya hifadhi ya mazingira iliyoanza kutumika Novemba 2015 inamtaka mwenye gari la aina hiyo, akitaka kulala nje ya kambi rasmi, apate kwanza ruhusa ya mwenye ardhi. Msafiri anaweza kuuita ubahili. Si ubahili. Majani yanayosagwa na matairi ni malisho ya mtu, na choo (neno lisiloonekana kwenye vipeperushi vya utalii) ni gharama ya mtu. Mwenye shamba akitenga kiwanja, akaweka maji na choo, ana haki ya kutoza kwa kila kichwa, na asubuhi akauza mayai au nyama.

Tena asichelewe. Tangu 2010 wanafunzi wa shule ya Hvolsvöllur wamekuwa wakipima Sólheimajökull kila mwaka. Barafu imerudi nyuma mamia ya mita, na mbele yake sasa pana ziwa. Kiongozi anaweza kuhamia mlima mwingine, shamba halihami.

Kilimanjaro nao umepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake tangu 1912. Huko hakuna magari ya kulala: mgeni hulala kwenye hema au kibanda ndani ya hifadhi, na wapagazi humbebea chakula. Kwa hiyo nafasi ya mkulima wa Marangu au Machame haiko kwenye kiwanja, iko kwenye kapu la chakula: viazi, karoti, mayai na parachichi za siku 5 hadi 8, za mgeni na za msafara wake. Kikundi kinachoitaka biashara hiyo kiende kwa kampuni za kupandisha wageni kabla ya Juni, msimu haujachanganya, kikiwa na bei mkononi na kiasi kinachoweza kufikishwa kila wiki.