Ukoo wa Kimulot usitafutwe Glasgow

Anayetaka kurithi shamba la chai Kimulot, eneo la Konoin katika Kaunti ya Bomet, huanzia kwa chifu. Barua ya chifu ndiyo inayofungua jalada la mirathi mahakamani: marehemu alikuwa nani, aliacha wake wangapi, watoto wake ni akina nani. Kwa vijana wengi wa Konoin, hiyo ndiyo mara ya kwanza kuuona ukoo wao umeandikwa. Na karatasi yenyewe aghalabu hukomea kwa babu. Juu ya babu kuna jina moja au mawili ya kusikia, basi.

Hili si kosa la wazee. Kwa desturi ya Wakipsigis, wenyeji wa huko, mtoto alipozaliwa majina ya wahenga wa ukoo yalitajwa moja baada ya jingine mpaka mtoto akapiga chafya, na mhenga aliyekuwa akitajwa wakati huo ndiye aliyehesabiwa kuwa amerudi kupitia kwake. Shughuli hiyo haiwezekani bila mtu anayeyajua majina ya waliotangulia. Tena kuna marika: Maina, Chumo, Sawe, Korongoro, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige na Nyongi, kisha mzunguko unarudi kwa Maina. Mzee ambaye kitambulisho chake kina mwaka wa kuzaliwa uliokadiriwa tu analijua rika lake, la baba yake na la babu yake bila kusita. Mwanahistoria Henry Mwanzi alitegemea sana masimulizi ya wazee alipoandika kitabu chake cha historia ya Wakipsigis, kilichotoka mwaka 1977. Kumbukumbu ilikuwepo. Iliyokosekana ni amri ya kuiandika na nyumba ya kuihifadhi.

Uingereza ilikuwa na vyote viwili. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko yote. Mwaka 1598 ikaamriwa daftari liwe la ngozi, na nakala ipelekwe kwa askofu kila mwaka. Kuanzia 1813 kasisi alijaza fomu iliyochapishwa, yenye nafasi ya kazi ya baba na mahali anapoishi. Usajili wa serikali ulianza 1837. Hatimaye, mwaka 1978, Kanisa la Uingereza likapitisha sheria inayozitaka parokia kupeleka madaftari ya zamani kwenye hifadhi ya kumbukumbu ya jimbo, isipokuwa chache zenye mahali salama pa kuyaweka. Ndiyo maana leo mjukuu wa mchunga kondoo asiyejua kusoma, mtu ambaye hakuwahi kumiliki hata robo ekari, anaweza kufuata ukoo wake kijiji kwa kijiji kwa karne nne au zaidi.

Mkulima wa Kimulot hana njia kama hiyo. Usajili wa lazima wa vizazi na vifo ulikuja kuenea Kenya nzima mwaka 1971. Kabla ya hapo, karatasi iliyomfuata Mwafrika kwa karibu zaidi ilikuwa kipande, kilichowekwa kwa sheria ya 1915 na kuanza kutumika mwishoni mwa muongo huo. Mwanamume wa zaidi ya miaka 16 alikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Kilionyesha jina lake, alama za vidole, tajiri aliyemwajiri, mshahara, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachishwa. Kilimwandika kama kibarua. Mama hakuvaa kipande, kwa hiyo upande wake wa ukoo haukuandikwa kabisa.

Anayekwenda kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Moi Avenue jijini Nairobi, anahitaji kujua mambo ambayo haambiwi mtu shuleni. Wakoloni waliwaita Wakipsigis "Lumbwa", na ndivyo walivyoandikwa katika majalada mengi ya mwanzo. Kericho ilikuwa chini ya Mkoa wa Nyanza hadi karibu na uhuru, kwa hiyo anayetafuta Bonde la Ufa pekee atarudi mikono mitupu. Bomet ilimegwa kutoka Kericho mwaka 1992, na kabla ya hapo habari za Kimulot ziko kwa jina la Kericho. Sehemu nyingine ya kumbukumbu ilivuka bahari. Mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Mau Mau jijini London, Uingereza ilikiri kuwa na majalada ya makoloni yaliyofichwa Hanslope Park. Baadaye yakahamishiwa hifadhi ya Kew.

Nyaraka za James Finlay, kampuni iliyofika Kericho miaka ya 1920 na kugeuza nchi ile kuwa bahari ya chai, zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Glasgow. Zimetunzwa vizuri, na pongezi kwa waliozitunza. Lakini mjukuu wa mchuma chai anahitaji pasipoti na viza kwenda kusoma habari za kampuni iliyomwajiri babu yake. Nayo mashamba yenyewe yanabadilisha mikono: biashara ya Finlay nchini Kenya ilinunuliwa na Browns ya Sri Lanka mwaka 2023. Kila mali inapouzwa, madaftari ya zamani ya vibarua huwa hatarini, maana mnunuzi ananunua chai, mashine na ardhi, wala hana haja na orodha ya watu waliokufa.

Hapo ndipo makanisa yanapoingia. Wamisheni wa Africa Inland Mission walijenga Litein, wa World Gospel Mission wakajenga Tenwek, na Wakatoliki wakawa na misheni yao Kaplong. Wote waliandika. Daftari la Kikatoliki lina faida ya pekee: pembeni mwa mstari wa ubatizo huongezwa kipaimara na ndoa, hivyo mstari mmoja unaweza kubeba maisha ya mtu. Kwa AIC na Africa Gospel Church, makanisa yaliyotokana na misheni za Litein na Tenwek, wanaobatizwa ni watu waliokwisha kuamini, si watoto wachanga. Tarehe ya ubatizo basi haisemi lolote kuhusu tarehe ya kuzaliwa, na mtu aliyezaliwa Kiplangat anatokea ghafla daftarini akiwa Joseph au Daniel. Wanaume wazima nao waliitwa "arap" na jina la baba, kwa hiyo ndugu watatu wanaweza kuonekana kama mtu mmoja.

Mtego mkubwa kuliko yote uko kwenye ndoa. Kwa Wakipsigis na Wanandi, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kumwoa mwanamke mwenzake, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake na wabebe jina la mumewe, hata kama mume huyo alikufa miaka mingi nyuma. Karani wa misheni asiyeelewa hayo angeandika baba asiye baba, au angeacha nafasi wazi na kumfanya mtoto aonekane wa nje ya ndoa. Mwaka 2011 Mahakama Kuu, Mombasa, ilimtambua mjane wa ndoa ya namna hiyo ya Kinandi kuwa mrithi halali. Sheria imeelewa. Daftari bila mzee wa kulifafanua halitaelewa kamwe.

Haya si mambo ya kujifurahisha. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa Watalai, ukoo wa viongozi wa dini, na kuwatupa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, mahali penye mbung'o na malaria. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliibua suala la Wakipsigis na Watalai waliofurushwa ili kupisha chai, na Agosti 2022 walalamikaji wakaipeleka Uingereza mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Siku fidia itakapojadiliwa kwa dhati, swali la kwanza litakuwa: wewe ni mjukuu wa nani, na unathibitishaje? Ni aibu kwamba jibu litafutwe kwenye makabati ya mtuhumiwa.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la maktaba na makumbusho. Bomet na Kericho zina uwezo wa kisheria wa kujenga nyumba moja ya kumbukumbu ya pamoja, kwa kuwa historia yao hadi 1992 ni moja. Makanisa yabaki na madaftari yao kama yanataka, lakini yakubali kila ukurasa upigwe picha. Kampuni za chai zikabidhi orodha za vibarua wa zamani kabla ya kuuza tena. Viwanda vya KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, navyo vina majina ya wakulima tangu majani chai ya wenyeji yalipoanza kununuliwa, na namba ya mkulima iliyotoka kwa babu hadi kwa mjukuu ni ushahidi wa ukoo ulio wazi kuliko hati nyingi.

Wapo watakaohofia siri za watu kuanikwa, na hofu yao ina msingi. Uingereza hufunga fomu za sensa kwa miaka 100; zile za 1921 zilifunguliwa Januari 2022. Kaunti zinaweza kuweka kanuni kama hiyo kwa kumbukumbu zinazogusa walio hai, sambamba na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Nyumba itachukua muda kujengwa. Wazee wa rika la Chumo wamebaki wachache sana, na wa Sawe wanapungua kila msimu. Hao wahojiwe kwanza, kwa Kikipsigis, mbele ya madaftari ya kanisa yaliyofunguliwa, ukurasa kwa ukurasa, waseme huyu aliyeandikwa hapa ni nani hasa.