Gari la Shamba na Mbio Zake

Wanachama wenzetu, tangu habari ya kununua gari dogo la shamba ilipoletwa mbele ya chama, swali moja limekuwa likirudi barazani kuliko yote: laenda mbio kiasi gani? Bei haikuulizwa sana, wala uzito linaochukua, wala nani atalitengeneza likiharibika. Sisi twaona swali hilo lastahili jibu, kisha liwekwe kando.

Jibu lenyewe si moja. Pikipiki za magurudumu manne za kazi, zenye injini kubwa, hufika kilometa 80 hadi 110 kwa saa. Lakini vigari vile vya usukani, vyenye sanduku la mizigo nyuma, vingi vilitengenezwa visikimbie. Kawasaki Mule kwa miaka mingi ilizuiwa isipite kama maili 25 kwa saa, yaani kilometa 40, na Gator ya kawaida ya John Deere ilikwenda kama maili 20 tu. Waliovitengeneza hawakushindwa kutia injini kubwa. Walijua vitabeba nini na vitapita wapi.

Baadhi yetu tulipokwenda bara, Ifakara, tulikaa siku kadhaa mtaa wa Viwanja Sitini. Bonde la Kilombero ni nchi ya mpunga, tambarare, na wakati wa masika udongo wake hunasa gari kama ulimbo unasavyo ndege. Huko mizigo mingi huchukuliwa na pikipiki za magurudumu matatu, ziitwazo guta au toyo. Tulimwuliza kijana mmoja kwa nini aenda polepole na njia i wazi. Akasema, "Mzee, nikikimbia gunia linaanguka, na likianguka nalilipa mimi." Hatukumwuliza tena.

Wazee wa huko walitukumbusha pia habari ya kivuko. Kabla ya daraja la mita 384 kufunguliwa juu ya mto Kilombero mwaka 2018, aliyetoka Ifakara kwenda Ulanga na Mahenge alivushwa kwa pantoni, nayo mwaka 2016 ilizama. Mtu awe na gari la mbio namna gani, ukingoni alisimama pamoja na mwenye baiskeli.

Sasa tuhesabu yetu. Karafuu mbichi ikilala rundo usiku hupata joto na kuchacha, na ikikauka hupauka; kwa hiyo ni kweli kwamba haraka yatakiwa. Lakini haraka ipi? Tuseme shamba liko kilometa 5 kutoka penye sakafu ya kuanikia. Kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa ni dakika saba na nusu. Kwa 80, ambazo hakuna njia yetu ya mashamba iwezayo kuzistahimili, ni karibu dakika nne. Faida ni dakika nne! Na kupakia magunia peke yake kwala nusu saa, kama wapakiaji hawajaenda kunywa kahawa.

Hasara yake si ndogo hivyo. Mwendo ukizidishwa mara mbili, nafasi ya kusimamia kwa breki huwa mara nne. Matairi ya mashine hizi ni mapana na hutiwa upepo kidogo mno, mazuri kwa tope, mabaya kwa lami. Na nyingi ekseli yake ya nyuma hairuhusu gurudumu la ndani lizunguke polepole kwenye kona. Vilima vyetu twavijua, na utelezi wa udongo wake mvua za vuli zinapokutana na mavuno. Huko Marekani zile za magurudumu matatu ziliachwa kuuzwa mpya mwaka 1988 kwa sababu ya kupinduka na kuumiza watu. Australia, tangu Oktoba 2021, kila pikipiki mpya ya magurudumu manne ya kazi yapasa kuwa na chuma cha kumkinga mpandaji ikipinduka.

Wako waliosema: je, mgonjwa akizidiwa usiku? Hoja hii ni nzito, wala hatuipuuzi. Nani kati yetu hajapata kubeba mgonjwa kwa kitanda hadi barabarani? Lakini nyingi ya pikipiki hizi zimetengenezwa kuchukua mtu mmoja tu, na mgonjwa akipakiwa juu yake kwa kasi gizani, tutakuwa na wagonjwa wawili. Kigari cha viti viwili na sanduku refu kitamfikisha barabarani salama kwa mwendo wa maili 15.

Basi kwenye mkutano tusimwombe muuzaji atuonyeshe mbio uwanjani. Aje nalo siku ya mvua, apakie magunia yetu, apande kilima, kisha ashuke. Magunia tutaleta sisi.